Picha Sebuleni, Sauti kwa Bibi

Kwako Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili, na chai ya asubuhi umeimaliza, maana nasikia siku hizi kikombe kinarudi nusu. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Magoti yanamgombeza akiinuka, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Juzi alimfukuza fundi rangi kwa kukanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki. Karakana nayo inakwenda. Watu wanaendelea kutumbukiza simu zao kwenye ndoo za maji, nami naendelea kupata riziki.

Nawe wifi unayesoma, pokea salamu zangu za heshima. Asante kwa kukubali ombi langu la kwenye simu: ukae sebuleni kwenye kiti chako cha siku zote, usome kwa sauti yako ya kawaida, usimfuate Kaka chumbani wala usipaze sauti. Nilikwambia nina sababu zangu. Akilalamika, mwambie ndivyo mdogo wake alivyoagiza, na tangu lini mdogo wake akawa na adabu.

Kaka, wifi ameniambia yote. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe. Amesema daktari wa macho ameshatoa neno lake la mwisho, kwamba ni macho yale yale ya Bibi, yanayozima polepole na yakishazima hayawaki. Amesema tangu urudishe kazini vifaa vyako vya kupimia ardhi umeingia chumbani na kufunga mlango, chakula unaletewa humo humo, na watoto wakigonga unawajibu kwamba umelala. Mtu gani analala jua limeshapanda? Niliposikia neno hilo, “nimelala,” nilimkumbuka Bibi, nikalia. Nililia huku nimeshika simu ya mteja, maskini akadhani ndiyo imekufa kabisa.

Sikuandikii kukupa pole. Pole umeshapewa za kujaza gunia. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu nimekiona wiki hii, na tangu nikione nimekuwa mtu wa kusimama katikati ya chumba na kusahau nilikuwa nafuata nini. Ila nianzie mwanzo, usije ukasema naanza na mkia kama kawaida yangu.

Unazikumbuka televisheni zetu mbili? Ile kubwa ya mbao iliyokaa sebuleni ilikuwa na picha safi kama maji ya mtungi, lakini bubu. Ile ndogo nyekundu, iliyokaa chumbani kwa Bibi, ilizungumza vizuri kuliko redio, lakini kioo chake kilikuwa cheusi tii. Baba alituambia vipuri vyake havitengenezwi tena. Baba huyo huyo aliyeletewa televisheni zilizokufa kutoka mitaa yote, akazifufua! Majirani walicheka mpaka basi. Kinyozi hajinyoi, walisema, na shuleni ulirudi na shati limechanika zaidi ya mara moja kwa ajili ya jina la Baba. Uliapa kwamba ukiwa mkubwa utanunua televisheni nzima, nawe ukainunua, pana kama mlango.

Mimi nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka Bibi alivyokuja kwetu. Alikuwa mshonaji, mwanamke aliyekitambua kitambaa cha mtu kabla hajamtambua mtu mwenyewe. Kushikwa mkono kwenda msalani kulimuuma kuliko upofu wenyewe. Akaingia kile chumba cha karibu na sebule, akafunga mlango. Mama akimwita mezani, amelala. Sisi tukitaka kumwamkia, amelala. Baba alikuwa akisimama mbele ya ule mlango akitoka karakana, mikono ina mafuta, asigonge, kisha anakwenda kunawa.

Halafu ndipo zikaja hizo televisheni. Picha sebuleni, sauti kwa Bibi, na antena moja uani iliyozilisha zote mbili. Ukitaka kujua waliyokuwa wakisemezana watu wa kwenye kioo, lazima mlango wa Bibi uwe wazi. Naye Bibi akitaka kujua walichokuwa wakifanya, lazima mtu amwambie. Mtu huyo ukawa wewe. Ulisimama kizingitini, jicho moja kwenye kioo na mdomo ukielekea chumbani, na ndiyo maana tulikuita Mtangazaji. Mimi nilipewa kazi ya kuzungusha nguzo ya antena nje ya dirisha, ndiyo maana mpaka leo mnaniita mnavyoniita. Wewe ukipiga kelele kwamba picha imekaa, Bibi anasema sauti imekimbia. Bibi akisema sauti hiyo hapo, usiguse, wewe unasema watu wamekuwa chenga tupu. Nusu ya michezo ya utotoni mwangu niliitazama kupitia nondo za dirisha, shingo imepinda, na sijaona raha kama ile tena.

Na ule mchezo wa wapangaji je? Mama mwenye nyumba na fungu lake la funguo, mpiga tarumbeta wa ghorofani, na wale ndugu wawili wazee waliokaa chumba kimoja bila kusemezana. Bibi alizijua funguo zile kabla mwenyewe hajatokea kwenye kioo. Alikuwa akisema, anakuja huyo, jiwekeni sawa, nasi tunakaa sawa kweli, kama vile kodi tunadaiwa sisi. Alimjua anayesema uongo kwa namna anavyomeza mate. Nawe ulipenda kuongeza chumvi. Siku moja ulimtangazia kwamba mpiga tarumbeta amemzaba mzee mmoja kofi, Bibi akauliza mbona kofi lenyewe halikulia. Mama alicheka mpaka akamwaga chai. Nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza tulimsikia Bibi naye akicheka, na sauti ya kicheko chake ilikuwa nzito, kama ya mwanamume, tukatazamana.

Lakini jioni ninayotaka uikumbuke ni ile mama mwenye nyumba alipopata habari kwamba mwanawe harudi tena. Hakulia, hakusema neno. Televisheni ya Bibi ikawa kimya kabisa. Bibi akauliza kuna nini, imeharibika? Wewe macho yako yalikuwa kwenye kioo. Akauliza tena, na sauti yake ilikuwa na hofu. Ndipo ukamwambia, polepole, bila chumvi hata chembe, kwamba mama yule anazivua funguo kwenye pete yake ya chuma, moja moja, anazilaza mezani. Bibi akaomba umweleze uso wake. Ukajaribu, ukashindwa. Basi tukasikia kitanda kikilia, na Bibi akaja mwenyewe, akipapasa ukuta, mpaka kizingitini. Aliweka kiganja usoni pako, akauliza kama uso wa yule mama uko hivi. Ukasema ndiyo, uko hivi hivi. Akakaa pale, mkono usoni pako, mpaka mchezo ukaisha, kisha akauliza chakula kimewekwa wapi. Nilikuwa nje nimekumbatia nguzo ya antena, nikaogopa hata kupumua, nisije nikaharibu kitu.

Tangu jioni ile hakula tena chumbani.

Bibi alipofariki, Baba alizifunika zote mbili kwa kitambaa cha Bibi, akatuletea televisheni mpya, picha na sauti ndani ya sanduku moja. Unakumbuka tulivyoitazama? Kimya, kama watu wanaosubiri daktari. Hakuna aliyekuwa na la kumwambia mwenzake. Baba alikataza mtu yeyote kuzifungua zile za zamani, hata mimi aliponifundisha kazi, nami nikaliheshimu hilo hata baada yake.

Sasa ndiyo nafika kwenye habari yenyewe. Fundi rangi alipotaka chumba cha Bibi kiwe kitupu, Mama aliniita nizitoe, akasema kama zina kifaa cha maana nikichukue, zilizobaki zitupwe. Nikaketi sakafuni na bisibisi. Nilianza na ile ya mbao. Nilitegemea kukuta spika imeungua au ubao umeliwa na kutu. Kaka, spika ilikuwa nzima. Waya mmoja tu uliachishwa pale unapoungana na spika, na ncha yake imefungwa tepu. Tena tepu yenyewe imekunjwa mwishoni, ikaachwa kisikio kidogo cha kushikia. Mafundi wengi hawajisumbui kufanya hivyo. Baba ndiye aliyenipiga vidole mpaka nikajifunza, alikuwa akisema usimfanye fundi atakayekuja baada yako ahangaike kwa kucha.

Nikaifungua na ile nyekundu. Kile kibao kidogo kinacholeta picha, kinachovikwa kwenye shingo ya kioo kule nyuma, kilikuwa kimevuliwa na kufungwa pembeni kwa uzi mweupe wa kushonea. Basi. Hapakuwa na ugonjwa mwingine.

Nilikivika kibao, nikauchomelea waya, nikaunganisha king'amuzi cha Mama. Zikawaka, Kaka. Miaka yote hii! Zote mbili, picha na sauti, kama vile zilikuwa zikisubiri kuulizwa. Nilikaa pale pale sakafuni, nikazitazama. Baba yetu alizivunja televisheni mbili nzima kwa mkono wake, akabeba kicheko cha mtaa mzima, akatuangalia sisi tukimwonea haya, asifungue kinywa mpaka anaingia kaburini. Nimefanya kazi hii nusu ya maisha yangu na sijawahi kuona ufundi kama ule.

Nilimwita Mama. Aliposimama mlangoni na kuziona zinawaka, alicheka mpaka akashika ubavu, akaniuliza kweli nilidhani mume wake angeshindwa na waya mmoja. Uzi, alisema, yeye mwenyewe ndiye aliyempa Baba. Akanieleza kwamba Baba kwanza alimpelekea Bibi redio, na Bibi akaipokea kwa shukrani, akafunga nayo mlango. Hapo Baba akasema mtu ukimpa kitu kizima atakaa nacho peke yake. Mpe nusu, atamtafuta mwenye nusu ya pili.

Bado kuna jingine. Baada ya Bibi kuzoea kula nasi, Baba alichoka kuona ukirudi na shati lililochanika, akaingia na chuma chake cha kulehemu ili azitengeneze. Bibi akasikia harufu ya chuma kikipata moto. Akamuuliza anafanya nini, Baba akajibu kwamba kipuri kimepatikana. Mama anasema Bibi alimwambia akirudishe kipuri chake alikokitoa. Akasema, mwanangu, macho yangu yamesimama mlangoni. Ukiitengeneza hiyo televisheni, yatakaa chini na kunyamaza. Alikuwa akikusema wewe, Kaka. Alijua. Sijui aliujua ujanja wa Baba tangu lini, na Mama hajui. Alijua, na akaacha mlango wazi.

Basi nami nikiri langu. Nimelala katika nyumba yako mara nyingi, naujua ule mlango wako mzito. Ukifungwa, sauti ya mtu anayezungumza kawaida sebuleni haipiti, hata uweke sikio. Nilimwomba wifi asome pale alipo nikiwa nalijua hilo. Barua hii nimeigawa kama Baba alivyozigawa televisheni zake: wifi nimempa macho, wewe nimekupa masikio. Kama umesikia mpaka hapa, basi mlango uko wazi, na aliyeufungua ni wewe mwenyewe. Wifi, nisamehe kwa kukufanya waya.

Nitakuja kwenu mwisho wa mwezi, na televisheni zote mbili ninazo. Usiseme nikuletee zikiwa nzima. Nilitazama kipande cha mchezo wa wapangaji, maana siku hizi kuna kituo kinachoirudia michezo ya zamani, nikasikia sauti ikitoka mle mle kwenye kioo, nikaona si sawa. Basi nikauachisha waya tena, nikakivua kibao, nikakifunga kwa uzi ule ule. Nyekundu itakaa chumbani kwako, ya mbao sebuleni. Yule mwanao mkubwa anaongeza chumvi kama wewe, atafaa kusimama kizingitini. Akikudanganya kuhusu makofi utamkamata. Na siku kioo kitakaponyamaza, atakuambia anachokiona, na akishindwa, uso wake upo karibu, nyosha mkono.

Mama anakusalimu sana na anasema kikombe kirudi kitupu. Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anakuja na mizigo ya ajabu wasiicheke. Wifi, ukimaliza kusoma usiikunje barua kwanza. Inua macho, tazama Kaka amesimama wapi, kisha nipigie simu uniambie.

Ni mimi mdogo wako, niliyeshika nguzo mpaka leo,

Antena