Mrututu Katika Tangi la Memsahib

Jumanne, 8 Septemba 1953

Nimesugua kioo cha tangi la samaki tena. Mara ya tatu tangu Jumapili. Ukijani unarudi kabla sijakausha mikono. Upande wa dirishani maji ni kama supu ya mboga. Majani yaliyopandwa mchangani yameota manyoya. Samaki wekundu siwaoni mpaka waguse kioo kwa midomo.

Memsahib aliniachia tangi hili mwezi wa Mei, alipokwenda kwao Ulaya kumuuguza mama yake. Anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Leo asubuhi Bwana, mumewe, amenyoosha kidole kwenye tangi, kisha kwangu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimemwita Njoroge, mtunza bustani wetu, aje aone. Ameingia na viatu mkononi, akachuchumaa mbele ya tangi kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa.

"Zakaria, wewe unalisha nani? Samaki ama hii kijani?"

Huwa nawatupia mkate mara tatu kwa siku. Alicheka sana. Anasema mkate unaozama ni mbolea. Na jua nalo limerudi baada ya baridi ya Agosti, linapiga dirisha hili asubuhi yote.

"Nyima yeye jua, nyima yeye chakula. Atakufa pole pole."

Tumetundika gunia dirishani. Chakula mara moja kwa siku, kidogo. Kila asubuhi nitoe ndoo mbili za maji, niongeze mbili za maji yaliyolala kwenye pipa. Ameleta pia majani mapya ya mtoni, tumeyaosha na kuyapanda. Yakiwa mengi, anasema, yatamnyang'anya kijani chakula. Mimi mpishi. Sikujua kwamba maji nayo ni shamba.

Jumamosi, 12 Septemba

Bado kijani, ila sasa nauona mkono wangu upande wa pili wa kioo. Nimefurahi kama mtoto.

Furaha haikufika saa sita. Lori la polisi limesimama nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wamemchukua dobi wao, Mkikuyu. Kosa halikutajwa. Mashati aliyoyaanika yamebaki kwenye kamba hadi jioni, hakuna aliyeyaanua.

Njoroge pia ni Mkikuyu, wa Kabiria. Leo amepunguza ua ule ule mara mbili. Hakutaka kula.

Jumatatu, 14 Septemba

Bwana ameng'oa gunia. Anasema nyumba yake si ghala la viazi. Alipokwenda ofisini mjini, nimelitundika tena. Kabla hajarudi, nimelitoa. Ndivyo nitakavyofanya kila siku.

Siku hizi anakula na bastola mezani, kando ya kijiko. Namwekea supu, bastola inanitazama. Lakini naona anamwogopa mkewe kuliko anavyowaogopa Wakikuyu wanaopigana msituni. Ameniuliza mara mbili leo: "Safi lini?" Nimemjibu, Njoroge anasema wiki moja zaidi. Hakupenda kulisikia jina hilo.

Alhamisi, 17 Septemba

Bwana amerudi saa nane na kikaratasi alichonunua Bazaari. Ndani mrututu, mawe ya buluu, ule wanaopulizia kahawa yenye ugonjwa. Ameusaga jikoni kwangu kwa chupa ya bia. Kijiko changu cha mezani. Vijiko vitatu.

Nimesema, "Bwana, Njoroge anasema pole pole."

"Njoroge hapana daktari. Mimi nataka maji safi, hapana maneno."

Akamwaga. Maji yalibadilika rangi kidogo, kisha yakatulia. Akafuta vidole kwa leso, akaenda kulala. Nimekiosha kijiko mara nne. Sikitaki tena.

Ijumaa, 18 Septemba

Maji yameng'aa. Sijawahi kuyaona hivyo. Kila jani linaonekana, kila punje ya mchanga. Na samaki wote wako juu, wanatweta, midomo nje ya maji.

Nilitaka kuyabadilisha maji. Bwana amekataa, anasema watazoea. Kabla ya kutoka amenipa kikaratasi kilichobaki. "Peleka stoo ya bustani." Nimepeleka. Nimekiweka kwenye rafu, kando ya mkasi wa Njoroge. Sikuwaza lolote. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: sikuwaza lolote.

Jumamosi, 19 Septemba

Samaki kumi na mmoja. Wote wamekufa, matumbo juu, katika maji safi kama ya kunywa.

Memsahib amefika saa nne, ana kofia bado kichwani. Amesimama mbele ya tangi muda mrefu. Bwana amesema nyuma yake, bila kumtazama yeyote, kwamba ni sumu, na kwamba yule Mkikuyu hukaa na sumu stoo. Leo samaki, kesho chai yetu. Halafu akapiga simu.

Wamekuja inspekta na askari wawili. Walikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Njoroge aliapa kwamba hajawahi kukiona kikaratasi hicho. Inspekta akanigeukia mimi. Nani alitia dawa?

"Zakaria, sema," Njoroge aliniambia. Kwa upole, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau.

Bwana alikuwa mlangoni. Nilifikiria kazi. Nilifikiria mke wangu Rasoa kule Maragoli. Nilifikiria lile lori, kwamba lina nafasi.

Nikasema, "Sikuona."

Walimpandisha Njoroge lorini bila viatu.

Jumapili, 20 Septemba

Sikwenda kanisani. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 24 Septemba

Siku nne sijalala vizuri. Leo Bwana alipokwenda mjini nimempelekea Memsahib chai sebuleni, nikasema yote nikiwa nimesimama. Bazaari, chupa, kijiko, stoo. Nilifika mwisho. Nikamwomba ampigie inspekta simu.

Hakushtuka. Alikuwa anatazama tangi tupu.

"Najua, Zakaria. Tangu Jumamosi. Leso yake ilikuwa na buluu."

Nilidhani kuna neno jingine linakuja. Alionja chai, akairudisha kwenye sinia.

"Imepoa. Lete nyingine. Na habari hii usiiseme tena katika nyumba hii."

Nimeleta nyingine. Nilidhani nikisema kweli itakuwa kama kufungua mlango. Hapakuwa na mlango.

Jumapili, 27 Septemba

Nimekwenda Kabiria kwa miguu. Walinzi wa kambi ya serikali iliyoko hapo walinisimamisha, wakasoma kipande changu cha utambulisho, wakaulizana Mmaragoli anatafuta nini kwao. Mmoja akanionyesha kwa Njoroge.

Mkewe, Mama Kamau, alikuwa shambani akitayarisha ardhi kungoja mvua. Nilijitambulisha. Alinijua kwa jina, mumewe alikuwa akinitaja. Hilo liliniumiza zaidi ya matusi. Anachojua ni kwamba mumewe alipelekwa kituoni, kisha kwingine, na hakuna anayemwambia ni wapi.

Nilimweleza. Sikuficha kikaratasi wala rafu.

"Kwa hivyo wewe uliona," alisema.

"Niliona, Mama Kamau."

"Na polisi wakauliza wewe."

"Wakaniuliza."

Hakulia. Alitazama shamba, lile lililolimwa na lile ambalo halijalimwa. Niliona aibu kusimama, niliona aibu kuondoka. Mwishowe aliingia nyumbani, akatoka na jembe la pili, akaliegemeza kwenye ua karibu nami. Akarudi kwenye mstari wake.

Nilivua koti. Nikalishika lile jembe, nikaanza mstari wa pili. Alasiri viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, naye alikuwa mbele yangu kwa hatua nyingi. Walinzi walipopiga filimbi ya watu kurudi majumbani, sehemu kubwa ilikuwa bado.

"Jumapili ingine," alisema, akalichukua jembe.