Mashine Inangoja Klavie

Jumatatu, 10 Novemba
Nimefungua kituo chetu cha redio kama kila asubuhi. Nimefagia, nimepangusa mikro ya kusemea, nimewasha ordinatere, kompyuta yetu. Ikagoma. Skrini nyeusi, mstari mmoja wa Kiingereza: klavie haionekani, bonyeza F1 ili kuendelea. Nibonyeze wapi, na klavie yenyewe, kibodi ya kuandikia, ndiyo haionekani? Mvua ya jana ilipenya kwenye bati ikaijaza maji. Nimeianika juani. Wapi. Imekufa.

Bila ordinatere hakuna redio. Hata sauti ya mikro inapitia humo. Na humo ndimo ilimo sauti ya Mama Zaina. Alifika Jumamosi kutoka upande wa Salamabila, amekimbia risasi. Njiani alipotezana na mama yake, kikongwe ambaye akili zimeanza kumtoka. Nilimrekodi akimwita kwa Kibangubangu, lugha yao. Tulipanga kuitangaza leo.

Jumanne, 11 Novemba
Nimezunguka soko zima la Kasongo. Chaja, betri, tochi. Klavie hakuna. Papa Alimasi, mkubwa wetu, ameagiza Kindu, lakini barabara ni matope tupu, lori litafika Mungu akipenda. Shule ya misheni iko na moja. Prefe, mkuu wa shule, amekataa. Wanafunzi wana mitihani, na vitu vyake vikitoka havirudi. Nimemchukia. Najua si haki.

Niliporudi Mama Zaina alikuwa mlangoni. Nimemwambia ukweli. Hakulia. Amesema tu:
"Mama yangu haiko na viatu."

Jumatano, 12 Novemba
Nimempigia Idi, fundi wa Kindu aliyetufungia mitambo. Alicheka. Nilipomweleza habari ya kikongwe akaacha kucheka.

"Dada Mwamini, hiyo mashine inangoja bure. Kutangaza haihitaji klavie. Ingia mu reglaje, mipangilio yake, uiambie isisimame kama klavie haiko."

Lakini kuingia humo kunataka klavie. Mara moja tu.

Nimerudi kwa Prefe, safari hii na Mama Zaina. Sikuomba anipe. Nimemwomba aje nayo mwenyewe, aishike, arudi nayo. Prefe akaitazama miguu ya Mama Zaina iliyovimba, akainuka, akachomoa waya. Akaja na pikipiki yake kwenye mvua, klavie ndani ya koti.

Idi alituongoza kwa simu. Nimebadilisha pale aliposema, nimehifadhi, nimezima. Prefe akachomoa klavie yake. Nikawasha tena, bila kitu.

Mstari ule haukutokea. Mashine ikapita moja kwa moja. Mengine nimeyafanya kwa kipanya. Sauti ikaenda hewani, nikatoka nje nikalia.

Alhamisi, 13 Novemba
Tumeitangaza asubuhi, adhuhuri na jioni. Hakuna aliyepiga simu. Mvua.

Ijumaa, 14 Novemba
Kimya. Naogopa kumtazama Mama Zaina usoni. Mtu mmoja ameniambia tumwombee tu marehemu. Nimemfukuza.

Jumamosi, 15 Novemba
Simu kutoka Nyangwe! Mwanamke, mke wa mvuvi. Siku kadhaa zilizopita walimkuta bibi mmoja kando ya njia, wakampeleka kwao. Kumbe alipitiliza Kasongo, akaendelea kutembea tu. Hajui jina lake wala alikotoka. Nimeuliza wamemjuaje basi.

"Hapa kwetu hasemi na mutu. Lakini ile sauti ya redio ikianza, yeye anaijibu. Kila mara. Anaijibu kwa nguvu, kama mutu anaitwa wakati yeye iko shambani."

Mama Zaina alikaa chini sakafuni. Nimemshika mabega. Prefe amepata habari. Amejaza mafuta, amempakia Mama Zaina, wameondoka.

Jumapili, 16 Novemba
Wamerudi mchana. Mvua imetulia. Nimewapelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo nyumbani walikopewa chumba. Kikongwe anakula vizuri, taratibu, bega lake likigusa la mwanawe. Hamjui. Anamwita kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyekufa zamani.

Mama Zaina anaitika.