Mkono wa Senem

Dada Maral,

Tumefika malisho ya juu salama, ila theluji bado ipo na moshi wa hema unatutoa machozi. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Mwambie shemeji chai yake ilikuwa chungu kama shubiri, na tumeimaliza.

Zulia lako mimi na Mama bado tunalifuma, bega kwa bega. Sufu nyekundu ya huku imekolea kuliko ile ya bondeni, usije ukalalamika.

Vidole vya Mama havijasahau fundo hata moja. Ila mimi ananiita "mgeni." Nilidhani utani, nikacheka. Juzi nikamfokea, "Mama, ni mimi Senem!" Akasema, "Senem wangu bado mdogo."

Jana alipapasa upande wangu wa zulia, akatabasamu. "Mafundo haya ya Senem. Anakaza mno, nimemkanya mpaka basi. Mgeni, hebu kamwite aje ale, mkate unapoa."

Nikatoka, nikaita jina langu mwenyewe, mbuzi wakanitazama. Niliporudi akanimegea mkate, akauliza, "Kasemaje?"

Ungekuwa wewe, dada, ungemjibu nini?

Ni mimi,
Senem