Kijito Ulichokisogeza kwa Brashi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo huko kaburini ulikolala. Nakuandikia kwa hofu, na usinicheke, maana kwa kunicheka hukuwa na mpinzani.

Nimezisoma tena barua ulizokuwa ukiniandikia nikiwa shule ya bweni. Zile za safari zako kwenye mashamba ya mkonge, ukiomba ruhusa ya kuchora nyumba za zamani za mameneja, zenye baraza pana na ngazi za mawe. Likizo moja ukanichukua. Nikakukamata: msufi uliokuwa kushoto, wewe umeuchora kulia!

"Mti unanizibia mlima, mwanangu," ukasema. "Picha lazima ivutie."

Nilicheka mpaka chai aliyotupa mlinzi wa nyumba ikanimwagikia. Siku ile nilikupenda sana.

Sasa sicheki. Unaikumbuka picha uliyochora kwetu Matombo, ya nyumba yetu na kijito? Baada ya wewe kuondoka, mafuriko yalihamisha kijito, na kijito ndicho kilichokuwa mpaka wetu na Mzee Kibwana wa ng'ambo. Mama akajenga nyumba mpya pale anapoamini ni petu. Mzee Kibwana anasema ni pake. Wazee wengine wanakumbuka hivi, wengine vile. Basi mama akaipeleka picha yako kwenye baraza la wazee. Unajua kwetu, ardhi ni ya ukoo wa mama na neno la mjomba ndilo la ukoo. Wakaitazama, wakaona kijito kilipopita zamani, wakakubali.

Mama, kwa furaha, akaongeza: "Hata barua zake tunazo! Jumatatu mwanangu atawasomea zote."

Ewe Mjomba! Kusoma mama hajui, nami barua ya picha ile nilikuwa nimeisahau. Nimeifungua juzi. Umeandika: "Kijito nimekisogeza hatua kumi ng'ambo, nyumba ipate kupumua."

Hatua kumi. Nyumba ya mama yote imo humo, na jiko, na migomba yake.

 Tangu hapo, mama akiniita nashtuka. Ameniomba nimsomee kidogo, ajifurahishe, nikamsomea, mstari ule nikauruka, naye akasema, "Kaka yangu alikuwa na macho, jamani." Nilitoka nje nikalia.

Nimewaza kuuruka na barazani pia. Nani atajua? Lakini mafuriko yale yalipotutoa ndani, tulilala kwa Mzee Kibwana wiki tatu. Mkewe alinivika kanga yake. Nitamtazamaje yule mama?

Nitausoma, Mjomba. Naogopa, lakini nitausoma. Sikulaumu kwa kupenda kitu kizuri. Ninachokiogopa ni kimoja: mama atakuwa amekaa mbele kabisa, amejifunga kanga mpya, anatabasamu, na habari ya kwamba nyumba yake imekaa kwenye ardhi ya mtu ataisikia kwa sauti yangu.

Lala salama, na uniombee.

Mimi mpwa wako,
mtoto wa dada yako