Sinki za Kimo cha Mama

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kazi! Afisa wa Mafunzo ya Taasisi, yaani wa kuhakikisha taasisi inajifunza kutokana na makosa yake. Shirika letu halitafuti faida. Linajenga sinki za kunawia mikono katika shule za chekechea. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwanzilishi na ambaye wote humwita Mama, ameniweka katika majaribio. Barua ya ajira ataitia saini akiridhika. Ataridhika. Kabati lake la vitabu lina vitabu viwili, kimoja cha mapishi.

Nimependekeza Kikao cha Makosa: kila Ijumaa kila mtu ataje kosa lake, na kiongozi atangulie. Mama alipiga makofi. Dereva, ambaye wamembandika jina la Breki, ameniita Profesa. Sikukanusha.

Ijumaa, 8 Machi
Kikao cha kwanza. Fedheha! Mama alitangulia: kosa lake ni kuwapenda watoto kupita kiasi. Mhasibu akafuata: yeye hufika kazini mapema mno. Breki huendesha kwa uangalifu hadi anachelewa. Haya ni makosa au ni maombi ya kazi? Zamu yangu ilipofika nilisema, kwa ukweli wote, kwamba bado sijapata kosa. Walicheka. Sielewi kwa nini.

Jumanne, 12 Machi
Nimetembelea shule zetu zote. Sinki ni imara, zinameremeta — na hakuna mtoto anayezifikia! Mama alijipima kiunoni mwake, akamwambia fundi ajenge hapo. Naye Mama ni twiga. Chini ya kila sinki pamepangwa matofali ya kupandia. Leo binti mmoja aliteleza, akachubuka kidevu. Nilimpangusa damu kwa leso yangu mwenyewe.

Garini nikamvaa Breki: mlijua? Akajibu kwamba wanajua tangu shule ya kwanza. Siku hizi gari huondoka na matofali kabisa. "Si unataka taasisi ijifunze? Imejifunza kubeba matofali, Profesa."

Na Mama, hamkumwambia? "Mwambie wewe. Paka huyu anangoja msomi wa kumfunga kengele."

Jumamosi fundi anamwaga zege katika shule mpya. Kwa kipimo kilekile!

Alhamisi, 14 Machi
Niliingia kwa Mama na hotuba yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Barua yangu ilikuwa mezani. Kalamu mkononi mwake. Nikasema sinki zinameremeta. Akasema ahsante, mwanangu, nitasaini kesho baada ya kikao.

Nyumbani dada yangu aliuliza kama nimesema. Nikamweleza umuhimu wa wakati mwafaka katika mawasiliano.

"Yaani umeufyata."

Dada hana staha ya kitaaluma.

Ijumaa, 15 Machi
Mama alifungua kikao: "Leo tajeni kosa langu mimi. Msiniogope." Mhasibu akajikohoza: "Mama, unajinyima usingizi." Breki: "Na huli vizuri, Mama." Mama akatikisa kichwa, akanigeukia. Barua ilikuwa chini ya kiwiko chake. Nikakiona akilini kile kidevu cha binti.

"Mama, sinki ziko juu mno. Watoto hawazifikii. Sote tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu shule ya kwanza."

Mhasibu akaninong'oneza: hiyo "sote" nimeisema kwa idhini ya nani? Mama alitutazama mmoja mmoja. Kisha akachukua simu, akampigia fundi: kesho zege lisimwagwe kabla ya kipimo kipya. Nusura nilie kwa fahari!

Halafu akanikagua kutoka juu hadi chini. "Profesa, piga magoti."

Magoti!

"Mtoto wa chekechea ana kimo gani? Si kama mtu mzima aliyepiga magoti? Breki, lete futi."

Basi naandika nikiwa sakafuni, daftari juu ya kiti, suruali ikinywa vumbi. Barua haijatiwa saini. Dirishani naiona chekechea, ng'ambo ya barabara tu. Watoto halisi wanakimbizana uani. Kwa nini tusiwapime wao? Lazima mtu amwambie. Fundi yuko kwenye simu bado. "Haya, andika," Mama anamwambia. Nainua mkono —

"Shusha, Profesa," ananong'ona Breki. "Unaharibu kipimo."