Faili Hamsini na Nane Zinazoanza na Shikamoo

Ndugu mshauri, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta ndiyo iliyonifikisha kwako, na naomba unisaidie kabla ya tarehe kumi na tano Agosti.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na nne, mzaliwa wa Rangwi kule Usambara, nikaletwa Tabora na barua ya uhamisho mwaka 1974 na sikurudi tena kuishi kwetu, lakini hadi leo naweza kukutajia kwa mpangilio kila shamba linalonyweshwa na mfereji wetu wa Kwemzaza, kuanzia chemchemi ya juu hadi kwenye kabichi za kaka yangu Kornelio. Mfereji ule ulichimbwa kwa majembe na wanawake kumi na mmoja, mama yangu Dorkasi akiwa mmoja wao, na maji bado yanapita. Sasa vijana wa ukoo wanasema ulichimbwa na mradi. Kornelio akanipigia simu: "Dada, tunaojua tumebaki wawili, na mimi si mtu wa kuandika. Njoo uwasomee." Nikaahidi kusoma sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ukoo wote ukiwepo.

Kwa miaka miwili nimeandika kwenye kompyuta aliyoniachia binti yangu Glory, muuguzi wa Kigoma anayekuja nyumbani mwisho wa mwezi, na kila siku nilifungua ukurasa mpya, na kwa kuwa sikulelewa kusema mbele ya wakubwa bila salamu, kila ukurasa nikauanza kwa kumwamkia mmoja wa waliotangulia, Shikamoo baba, Shikamoo mama, Shikamoo mjomba Tobia, kisha wakati wa kuhifadhi mashine ikapendekeza jina nami nikakubali, kumbe inachukua maneno ya mstari wa kwanza. Leo nina faili hamsini na nane, zote zinaanza na Shikamoo, sijui ipi inatangulia ipi, na ukurasa wenye majina ya wale kumi na mmoja siuoni. Saba nayakumbuka. Manne alinitajia shangazi Marta, naye tulimzika Februari. Herufi zenyewe ni ndogo, macho yanatoa machozi.

Nyumbani yupo mkwe wangu Edgar, fundi wa kompyuta. Lakini nimelelewa kwamba mama mkwe haketi bega kwa bega na mume wa bintiye. Edgar ni Mnyamwezi, na bado ananiheshimu hivyo hivyo; miaka tisa sasa hukohoa kabla ya kupita sebuleni. Juzi alisimama nje ya mlango akasema, "Mama, naweza kukusaidia hata nikiwa nimefumba macho." Nilicheka, nikakataa. Je, nivunje adabu yangu, au nimwambie Kornelio sitasoma?

Scholastica, Tabora

JIBU

Shikamoo mwalimu. Nimekuamkia kwanza ili nipate ruhusa ya kukugombeza. Wanawake kumi na mmoja wakate mlima kwa majembe, halafu wewe ushindwe na orodha ya faili? Wazo la kutosoma liondoe leo.

Hujapoteza kitu. Fungua folda yako. Juu kulia kuna kisanduku cha kutafutia. Wengi hudhani kinatafuta majina ya faili tu, kumbe husoma hata yaliyoandikwa ndani. Andika jina la mmoja wa wale saba, ila si la mama yako, maana yeye atakuwa kila mahali. Kisha bonyeza Alt pamoja na P, uguse faili mara moja tu: maandishi yatatokea pembeni bila kufungua faili, hivyo huwezi kuyaharibu.

Mpangilio unao tayari. Panga faili kwa tarehe ya kuundwa, si ya kubadilishwa, kwa kuwa hii ya pili husogea kila unapohifadhi upya. Ukiiteua faili ukabonyeza F2, unaweka namba mbele ya jina. Na macho yako usiyatese: ndani ya ukurasa shikilia Ctrl, zungusha gurudumu la kipanya, herufi zitakua upendavyo.

Sasa Edgar. Adabu yako usiivunje, na mkwe kama huyo usimnyime kazi. Windows ina programu iitwayo Quick Assist. Yeye akae sebuleni na kompyuta yake, wewe chumbani na yako, zote zikiwa na intaneti. Atakupa namba ya siri kwa simu, utaiandika, utakubali, naye ataona kioo chako na, ukimruhusu, kukiendesha bila kukaa karibu nawe. Mkimaliza unafunga, haoni tena. Mwambie aziunganishe kurasa zote ziwe kitabu kimoja, na nakala aiweke kwenye flashi utakayosafiri nayo.

Akitaka kufuta zile salamu ili kitabu kipungue, mkatalie. Miaka yote ninayojibu barua za kompyuta sijaona mtu aliyewaamkia wazee wake mara hamsini na nane kabla ya kusema lake. Siku ya sikukuu simama mbele ya vijana, anza na Shikamoo mama, kisha wasomee majina yote kumi na moja, taratibu, wakiyasikia maji ya Kwemzaza yakipita.