Mukwe wangu amesoma nyuma ya kitabu

Mama Mwamini, leo nakufa na haya!

Bitabu bimefika hapa Dilala, bile Abigaël mujukuu yangu aliandikamo hadisi zangu. Bageni bote bamekaa, tunafurahi.

Mukwe wangu Hénock, bwana ya binti yangu, akakamata kimoja. Unajua heshima ya bukwe: sijakula mbele yake hata siku moja. Akakigeuza nyuma, akasoma kwa sauti: “Nilikuwa naoga ku muto, nyuki bakanirukia, nikakimbia uchi mupaka ku gare ya Lubudi, treni imejaa bantu…”

Uchi! Mu kinywa ya mukwe! Akakiweka ku meza mbio.

Nikaita éditeur, ule alichapa bitabu, ku telefone: “Tata, toa ile maneno!”

“Mama, ni extrait, kipande ya hadisi ya kuvuta basomaji. Ulitia sahihi ku bon à tirer, ukaruhusu tuchape. Imeisha.”

Kweli nilitia. Nilisoma kurasa zote za ndani, polepole, na nukta zake. Nani anaangaliaka nyuma?

Uchi, Mama Mwamini!

Kisha Hénock akakuja, macho chini, akaninyooshea kalamu: “Mama, tafazali, uniandikie dédicace.”

Nikaandika: “Kwa mukwe wangu. Usikigeuze tena.”